Helmeti ya baiskeli: tunavaa kwa ajili ya kichwa au kwa ajili ya trafiki?

Leo naomba tuziache kidogo siasa za vyama (zipo tu, haziishi) tuongelee kichwa. Hicho hicho ulichokileta hapo mbele ya kompyuta.

Tangu Septemba 2025, Kigali walipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kabisa kufanyika Afrika, vijana huku Kahama wamepatwa na wazimu wa baiskeli. Si wazimu mbaya. Tarehe 21 tulimwona Mbelgiji Remco Evenepoel kwenye mbio za kushindana na saa akimkuta na kumpita Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye alitangulia kuanza kwa dakika mbili na nusu. Tarehe 28 Pogačar akalipiza: kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima vya Kigali, na katika msururu wote ule waliofika mwisho ni watu 30 tu! Kijiwe kizima kikanyamaza.

Halafu mjadala ukahama. Kutoka kwenye mapaja ya Pogačar ukaingia kwenye zile kofia. Za mbio za saa zina umbo la ajabu, kama yai la mbuni lililokatwa nusu. Za mbio ndefu zina matundu kama kikapu. Lakini kila mtu alikuwa nayo, hakuna aliyekuwa kichwa wazi. Na hapo hapo mbele yetu, wakati tunabishana, zinapita baiskeli za kwetu: gunia mbili za mkaa, madumu ya maziwa, kreti za soda, wanafunzi wawili wamepakizana kwenye keria. Kichwani kuna kapelo, au kitambaa, au nywele zenyewe.

Kijiwe kikagawanyika. Kundi la kwanza likasema helmeti ni za wazungu wa mashindano, sisi baiskeli ni jembe tu. Kundi la pili likasema serikali ilete sheria, kila mwenye baiskeli avae kama bodaboda, asiyevaa alipe faini. Mimi makundi yote mawili yamenishinda, na nimetumia wiki mbili na hela kadhaa za intaneti kutafuta kwa nini. Msinielewe vibaya: mimi si daktari wala si mhandisi, ni kijana wa kidato cha nne ninayesambaza mikate kwa baiskeli alfajiri halafu mchana naandika. Ila barabara ninayopita ndo ile ile ya malori ya kwenda Rusumo, yanayobeba mizigo ya Rwanda na Burundi. Yakikupita, upepo wake tu unakusogeza nusu mita. Kwa hiyo suala hili kwangu si la kishabiki.

Kundi la kwanza kwanza. Kwamba helmeti ni mila ya waendesha mashindano, hapana, kwa sababu hao wenyewe waliikataa kwa nguvu zote. Mwaka 1991 Chama cha Kimataifa cha Baiskeli (UCI) kilijaribu kuwalazimisha, wakagoma kwenye mbio za Paris–Nice hadi chama kikarudi nyuma. Walisema joto, walisema uzito, walisema mtu mzima aachiwe kichwa chake. Mwaka 1995 Fabio Casartelli wa Italia, bingwa wa Olimpiki, alianguka akiteremka mlima kwenye Tour de France akafa, na hakuwa na kofia. Bado hakuna kilichobadilika. Machi 2003 akaanguka Andrei Kivilev wa Kazakhstan, kwenye hiyo hiyo Paris–Nice, naye bila kofia, akafa kesho yake. Mei mwaka huo ndo ikawa lazima, na hata hapo mwanzoni waliruhusiwa kuzivua kwenye kilima cha mwisho. Yaani miaka kumi na miwili ya ubishi. Kwa hiyo mshikaji wangu muuza mkaa akikuambia "inanichosha", usimcheke. Mabingwa wa dunia walisema hivyo hivyo.

Sasa, je, inasaidia? Mwaka 2017 watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliopata ajali au kuumia. Waliovaa kofia walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 51 wa kuumia kichwa, asilimia 69 kwa majeraha makubwa ya kichwa, na asilimia 65 kwa majeraha ya kichwa yanayoua. Hizo si namba ndogo. Na kidunia, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inasema watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka, na katika kila mia, sita ni waendesha baiskeli. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya watu 70,000 kwa mwaka.

Lakini hapa ndipo pa kuelewa vizuri, manake ndipo wauzaji wanapotudanganya. Hebu nieleze ilivyo ndani.

Helmeti ya baiskeli nzuri ina ganda jembamba la plastiki nje, na ndani ina povu gumu jeupe, ndugu yake lile wanalofungia televisheni mpya kwenye boksi. Kazi yote inafanywa na hilo povu. Kichwa kikigonga lami, povu linabonyea na kusagika, na katika kusagika linakula nguvu ya pigo ili ubongo usisimame ghafla ukagonga fuvu. Povu likishasagika halirudi. Ndo maana helmeti iliyopata ajali moja ya kweli imemaliza kazi, hata kama kwa nje inang'aa. Ganda linaweza kurudi umbo lake, povu ndani limekufa. Huwezi kupeleka kwa fundi akalitia gundi.

Inapimwaje? Kipimo cha Ulaya kinaitwa EN 1078. Wanavalisha kofia kwenye kichwa cha bandia, wanakidondosha kwenye chuma bapa kwa kasi ya kama kilomita 19.5 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka mita moja na nusu. Cha Marekani, CPSC, wanadondosha kutoka mita 2, kasi kama kilomita 22. Ukiangalia harakaharaka utasema mbona ndogo? Mbona mimi nikiteremka kilima nafika 40? Subiri. Urefu ule ni ule wa kichwa chako ukiwa umekaa kwenye tandiko. Ukianguka peke yako, kwa sababu ya shimo au mchanga au mbuzi, kichwa kinashuka chini kwa kasi ya namna hiyo, iwe ulikuwa unakimbia au umesimama, na ile kasi ya mbele mara nyingi inaishia kwenye kuburuzika na kuchubuka. Kwa anguko hilo helmeti imetengenezwa, na inafanya kazi.

Lori la tani thelathini likikugonga kwa kilomita 80, hilo ni jambo lingine. Hakuna povu la sentimita mbili litakalobishana na lori. Anayekuambia ununue helmeti usiogope malori anakuuzia usingizi.

Na wala sisemi hivi kuwavunja moyo. Kuna Mkenya mmoja wengi mnamfahamu, Suleiman Kangangi, wenyewe walimwita Sule, nahodha wa timu ya Amani, kijana aliyefungua njia kwa waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki. Agosti 2022 alianguka kwenye mbio za barabara za vumbi kule Vermont, Marekani, akafa. Mbio zile hupandi bila kofia. Kofia hupunguza tu, haifuti. Tukilijua hilo tunaweza kuchagua kwa akili badala ya kuchagua kwa imani.

Sasa tuchague. Swali la kwanza siyo "ipi nzuri", ni "wewe unaendeshaje?"

Anza na wengi wetu: baiskeli ya kazi. Phoenix au Avon, mzigo nyuma, mwendo wa kilomita 10 au 15 kwa saa, jua la saa saba, safari ndefu. Hapa adui wa helmeti ni jasho. Kofia yenye matundu machache utaivua kabla hujafika kilima cha kwanza, utaining'iniza kwenye usukani, na usukani hauna ubongo. Kwa hiyo tafuta matundu mengi na makubwa, mbele na nyuma, upepo uingie na utoke. Uzito uwe gramu 250 mpaka 400 hivi. Rangi chagua nyeupe au njano inayopiga kelele, achana na nyeusi hata kama ndo "swaga", kwa sababu mbili: nyeusi inavuta joto, na saa kumi na moja alfajiri dereva wa lori hakuoni. Mimi yangu nimeibandika vipande vya stika ya kung'aa nyuma, zile za kwenye mabodi ya magari. Usiipake rangi ya dawa wala usiioshe kwa petroli au tina, manake povu lile linayeyuka kama barafu. Maji na sabuni ya kawaida tu. Wala usiiache juu ya bati juani siku nzima.

Kuhusu mtu wa mzigo nina neno moja zaidi. Gunia la mkaa likizidi urefu wa mgongo wako, linakusukuma kichwa mbele, na helmeti yenye mkia mrefu nyuma (zile za kimichezo) inagonga gunia na kukushukia machoni. Kwa hiyo chukua ya mviringo, nyuma iwe fupi. Hili hutalikuta kwenye mtandao wowote wa Ulaya kwa sababu kule hawabebi mkaa. Nimeliona kwa macho kwa jirani yetu wa mkaa, kila dakika anaisukuma nyuma kwa kiganja, mkono mmoja kwenye usukani, mbele yake lori. Hapo kofia imegeuka hatari.

Wanafunzi. Hapa naomba wazazi na makaka na madada wasome polepole. Mdogo wangu wa kiume yuko darasa la sita na kila siku anapanda baiskeli kwenda shule, kipande kirefu ni pembeni ya barabara kuu. Sisi tuna tabia moja nyumbani, na nadhani kila nyumba inayo: sare ya shule inanunuliwa kubwa "atakua nayo". Viatu vinanunuliwa vikubwa, vinatiwa pamba mbele. Kwa helmeti hiyo haikubaliki kabisa! Helmeti kubwa inarudi kisogoni, paji la uso linabaki wazi, na akianguka ndo linaanza kugonga. Au inazunguka, mkanda unamkaba. Chukua uzi, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi na masikio, pima kwenye rula. Ukipata sentimita 52, tafuta iliyoandikwa ndani namba inayobeba 52, mfano 50 mpaka 54. Zenye gurudumu la kukaza nyuma zinakubali kukua kidogo, hiyo ndo akiba pekee unayoruhusiwa.

Na mkanye mtoto: akishafika akiivue. Asipande nayo mwembe. Mkanda ukinasa kwenye tawi wakati miguu iko hewani unaweza kumnyonga. Kwenye nchi nyingine hili limeshaua watoto.

Daladala za baiskeli, nyie watu wa Shinyanga na vitongoji vyake, nyie ni kichwa kigumu maana mna vichwa viwili. Abiria wengi wanakaa upande, miguu yote kushoto, mkono mmoja umeshika tandiko. Akidondoka, anadondoka kisogo kwanza. Ukiniuliza helmeti ya pili ni ya nani, ni ya huyo. Ila najua hataivaa, kwa sababu imevaliwa na watu kumi tangu asubuhi na kina dada hawataki kuharibu nywele. Bodaboda wamelihangaikia hili miaka yote na hawajapata dawa. Kitambaa chepesi chini yake kinasaidia kidogo, basi.

Kwa kina dada: hijabu nyembamba haina shida, ila fundo au pini isiwe nyuma pale kofia inapokaa. Rasta na mabutu shida yake ni yale yaliyofungwa juu utosini, kofia inaelea. Yafunge chini, shingoni. Vijana, kapelo chini ya helmeti ni hapana. Ama hiki ama kile.

Wale wa mashindano, wa mazoezi ya Jumamosi na nguo za kubana, nyie mnajua kuliko mimi. Nyepesi, ndefu kidogo, matundu mengi. Ile ya umbo la yai ya Evenepoel ni ya mbio za saa tu, kuivaa kwenda sokoni ni vituko. Wale wa kurukaruka na kuendesha gurudumu moja, zipo za mviringo kama bakuli, zinafunika kisogo vizuri, lakini nyingine zimepimwa kwa ajili ya ubao wa magurudumu siyo baiskeli, kwa hiyo angalia stika ndani. Baiskeli za umeme zimeanza kuingia mjini, na mwendo wake si wa miguu. Waholanzi wana kipimo chao kikali zaidi kwa baiskeli za umeme za mwendo kasi, kinaitwa NTA 8776. Ukiikuta, chukua.

Stika, stika, stika. Ndani ya kofia kuna karatasi imegandishwa. Tafuta EN 1078, au CPSC, au AS/NZS 2063 ya Australia na New Zealand. Hakuna stika, hiyo ni toi. Na nitaongeza: stika inaweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye printa, kwa hiyo usiishie hapo. Bonyeza ndani. Kuna povu gumu, nene kama kidole gumba, limefika mpaka pembeni? Au kuna sponji laini tu la godoro? Sponji laini ni la kustarehesha ngozi, halikuokoi na chochote. Vuta mikanda kwa nguvu kama unamvuta mbuzi. Klipu ikifunguka hapo dukani, itafunguka barabarani.

Katika duka moja hapa mjini nilionyeshwa kofia ya ujenzi, ya njano, imefungwa kamba ya kiatu, nikaambiwa "hii kaka inazuia hata tofali". Ni kweli inazuia tofali! Imetengenezwa kwa tofali linalotoka juu. Ukianguka kwa ubavu haina povu la pembeni, na itakutangulia kufika chini. Nikaondoka.

Na elementi ya pikipiki, kama wengi tunavyoiita? Hili ndo swali lililoulizwa sana kijiweni, kwa sababu zipo kila duka na za baiskeli hazipo. Jibu langu: kama ni ya kweli, yenye povu na kipimo, inalinda, tena kwa kasi kubwa kuliko ya baiskeli. Lakini ina kilo moja na zaidi, inaziba masikio husikii lori, na mtu anayekanyaga pedali jua la mchana ndani ya lile chungu atazimia. Kwa safari fupi za usiku, sawa. Kwa kazi ya siku nzima hutadumu nayo wiki.

Mitumba sasa. Mara mojamoja helmeti zinakuja kwenye marobota ya vitu vya michezo, na bei ni ya kupatana. Mimi sipingi mitumba, nguo zangu zote ni mitumba. Ila shati lililoanguka halina tofauti na ambalo halikuanguka, helmeti inayo. Geuza ndani, tafuta tarehe ya kutengenezwa. CPSC wanashauri kubadilisha kati ya miaka 5 na 10, kwa hiyo ya 2009 iache hapo hapo. Itie mwangani, tazama kama povu lina mstari wa ufa, hata mdogo kama unywele. Bonyeza pande zote kwa vidole gumba, kama kuna sehemu imelegea kuliko nyingine, ilishagonga kitu. Mkanda ukiwa mpya kofia nzee, jiulize kwa nini.

Mtakutana pia na neno MIPS, mara nyingi ina utando wa njano ndani. Ni ubunifu wa Waswidi: ule utando unateleza kidogo kofia inapogonga kwa mshazari, ili kichwa kisipindwe ghafla, kwa sababu ubongo hauumizwi na pigo la moja kwa moja tu, unaumizwa na kuzungushwa pia. Ni kitu kizuri. Lakini kati ya yenye MIPS inayokuwa kubwa na isiyo nayo inayokukaa sawasawa, chukua inayokukaa. Na kwa kuwa mko kwenye intaneti tayari: Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani tangu 2018 kinapima helmeti za baiskeli na kuzipa nyota, orodha iko wazi bure. Utaona kwamba bei na nyota haviendi pamoja kila mara.

Kuivaa: vidole viwili juu ya nyusi, siyo kisogoni kama kofia ya mchungaji likizo. Mikanda ifanye herufi V chini ya kila sikio. Kidevuni kiingie kidole kimoja. Piga miayo mikubwa, ukisikia kofia inashuka kidogo, umefunga vizuri.

Haya, sasa kundi la pili, la sheria na faini. Hapa ndo siasa yenyewe inarudi.

Jimbo la Victoria kule Australia lilikuwa la kwanza duniani, 1990, kulazimisha kila mwendesha baiskeli avae. New Zealand wakafuata 1994. Kuvaa kulipanda kweli. Lakini mpaka leo wanabishana, kwa sababu baada ya sheria baadhi ya watu, hasa vijana, waliacha kupanda baiskeli. Upande wa pili kuna Uholanzi, nchi ya baiskeli kuliko zote, ambako wengi hawavai chochote kichwani, na bado kuendesha kwao ni salama kuliko kwetu mara nyingi. Siri yao ni njia: baiskeli ina yake, gari lina lake, zinapokutana gari linapunguza mwendo. Mexico City walikuwa na sheria ya helmeti wakaifuta 2010.

Lakini mfano unaonikaa mimi ni wa Seattle, Marekani. Februari 2022 kaunti yao ya King iliifuta sheria ya helmeti iliyokuwepo tangu miaka ya 1990. Siyo kwa sababu helmeti ni mbaya, wenyewe walisema endeleeni kuvaa. Waliifuta kwa sababu ilionekana polisi wanawaandikia faini zaidi watu weusi na watu wasio na makazi. Kofia ilishageuka sababu ya kumsimamisha mtu.

Sasa ihamishie hapa, fikiria. Muuza mkaa ametoka kijijini saa tisa usiku, hana stika ya EN 1078 wala hajui ni nini. Anasimamishwa. Analipa, au "anaongea vizuri". Kesho yake ananunua ile ya ujenzi yenye kamba ya kiatu, anaivaa akimwona trafiki, akishapita anaivua. Wenye bodaboda wanaujua mchezo huu kwa moyo: elementi iko mkononi kwenye kiwiko, ikifika kona yenye trafiki inapanda kichwani. Kiwiko kimelindwa sana nchi hii. Faini imekusanywa, kichwa kiko pale pale.

Mimi naona mpangilio ungekuwa mwingine. Kwanza bidhaa. Shirika la Viwango lianze na mlango wa bandari na maduka, siyo na mtu aliyeko juu ya baiskeli. Kama soko lote lina toi na za ujenzi, unamtoza faini kwa kukosa kitu ambacho hakiuzwi. Pili bega la barabara. Barabara kuu inapopita katikati ya mji, pembeni pale penye lami iliyomeguka kama keki ndipo baiskeli inapolazimika kurudi katikati, na hapo ndipo lori linapokuta mtu. Dar walijaribu: mradi wa mabasi ya mwendokasi wa barabara ya Morogoro, ulioanza kubeba abiria 2016, ulikuja na njia za baiskeli pembeni. Nendeni mkaangalie zinatumiwa na nani: pikipiki, meza za biashara, magari yaliyoegeshwa. Njia ipo, mwenye baiskeli yuko barabarani na malori. Kulinda njia iliyokwisha kujengwa hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia, kunahitaji mgambo mmoja asiyelala.

Tatu ndo helmeti, na waanze na shule. Mwanafunzi anayepanda baiskeli ni wa kujulikana, mwalimu anaweza kumhesabu, na halmashauri ikinunua za jumla bei inashuka. Nimeuliza kwa diwani wetu mara moja, akaniambia kipaumbele ni madawati. Sikatai madawati. Ila kwenye bajeti ya pikipiki za maofisa helmeti zinakumbukwa.

Mdogo wangu kwa sasa tumempatia ya mtumba, sentimita 50 mpaka 54, ya 2021, nyeupe, povu zima. Ilichukua Jumamosi tatu za kuzunguka mnadani na mama aliniuliza kama natafuta kofia au mchumba. Siku ya kwanza shuleni walimwita mwanaanga. Siku ya pili wawili waliomba kuijaribu.

Haya, wa Shinyanga, Mwanza, Tabora, Kisumu, Kigali, Bujumbura: mnazipata wapi zenye stika ya kweli na povu la kweli, na kwa bei gani? Andikeni hapo chini mtaa na bei, mtu akitoka hapa kafe ajue pa kwenda. Na kama kuna anayefanya kazi bandarini au Shirika la Viwango, naomba atuambie helmeti za baiskeli zinazoingia zinapimwa au zinapita tu na midoli. Usiogope, si lazima uweke jina.